Safari ishirini na tatu za Dubai na sina maili hata moja. Wenzangu mnafanyaje?

BiMchangani, Unguja

Assalaam alaykum wenzangu. Naomba anijibu mwenye kujua, maana jambo hili la maili, zile pointi mashirika ya ndege yanazowapa wasafiri wao, limenikaa rohoni.

Mie nina duka la mabaibui na mitandio hapa Mchangani. Mzigo nauchukua Dubai, maduka ya Naif na Murshid kule Deira. Kwa mwaka nakwenda mara tatu: kabla ya Ramadhani, kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, na mwisho wa mwaka kwa ajili ya harusi. Nimeanza 2016, na ukitoa 2020 ambao sikutoka kwa sababu ya korona, nimehesabu kwenye pasi safari ishirini na tatu. Mara napanda flydubai hapa hapa Unguja, mara navuka kwa boti kwenda Dar nikapanda Emirates, mara Ethiopian kupitia Addis, mara Qatar kupitia Doha. Mwenye bei nafuu siku hiyo ndiye wangu.

Safari iliyopita ndani ya boti nilikaa na shoga yangu wa biashara, yeye anauza viatu Darajani. Nikamuuliza tiketi kakata kwa ngapi. Akanambia, "Safari hii nimelipa kodi tu, nauli nimetumia maili." Akafungua simu akanionesha jina lake, namba yake, na safari zake zote zimepangwa moja moja, hata ile ya mwaka juzi tuliyokwenda pamoja. Ndege ile ile, yeye kakaa dirishani na mie ubavuni pake. Kwake imeandikwa, kwangu haimo popote. Wallahi iliniuma.

Nikakumbuka kuwa 2019 binti yangu aliniandikisha Skywards, mpango wa maili wa Emirates, kwenye simu. Namba ninayo, iko nyuma ya daftari la madeni. Lakini wakala wangu wa tiketi hajapata kuniuliza hata siku moja, na mie sikujua kama natakiwa niitaje. Miaka yote hiyo nampelekea pesa taslimu, ananipa karatasi, naondoka.

Kisha kuna mtoto wa dada yangu, yuko Uingereza. Yeye kila tukizungumza hunambia, "Mamdogo, chukua kadi ya mkopo. Wewe unanunua mzigo wa mamilioni, pointi zake zingekusafirisha bure." Hapo ndipo ninapoogopa. Kwanza sijui kama hapa kwetu kadi ya namna hiyo inaleta faida hiyo anayoisema. Pili, mkopo wa benki una riba, na mie sitaki kuchanganya biashara yangu na riba.

Niseme na nia yangu, ili mnishauri mkijua ninakokwenda. Mama yangu yuko Wete, anakaribia miaka sabini. Ndege aliyoipanda maishani mwake ni ile ndogo ya Pemba na Unguja, mara mbili, zote alikuwa anakwenda hospitali. Nataka kumpeleka Umra. Pesa naweka kidogo kidogo, lakini kila nikifika nusu linatokea jambo. Kama maili zingeweza kubeba hata tiketi yake peke yake, ningeshukuru sana.

Kijana_Micheweni

Bi Mkubwa, usijichoshe. Hizo pointi ni za watu wa Ulaya wenye mishahara ya benki. Sisi huku tunalipa kwa simu na pesa mkononi, nani atupe pointi? Bora uendelee kuweka pesa yako.

Mzee_wa_Malindi

Kijana, hapo umechanganya vitu viwili, na ndivyo watu wengi wanavyochanganya. Niruhusu nieleze, nimekaa nyuma ya kaunta ya tiketi hapa mjini miaka kumi na moja.

Kuna pointi za kadi na kuna maili za kuruka. Pointi za kadi anakupa benki kwa kununua vitu. Maili za kuruka anakupa shirika la ndege kwa kupanda ndege yake, na hapo haulizi umelipa kwa njia gani. Umelipa taslimu, umelipa kwa simu, umelipiwa na mjomba, kwake ni sawa. Anachotaka ni namba yako ya uanachama iwe ndani ya tiketi. Kujiandikisha hakuna malipo. Kwa hiyo dada yetu wa Mchangani hakukosa maili kwa kukosa kadi ya benki. Alikosa kwa sababu namba ilibaki nyuma ya daftari la madeni.

Dada yangu, chukua karatasi zako za tiketi. Tafuta namba ya tiketi, ina tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar, 235 ni Turkish. Zipange mafungu kwa tarakimu hizo. Kwa Skywards, mwanachama ana miezi sita baada ya safari kudai maili ambazo hazikuingia. Unaingia kwenye akaunti yako, unajaza namba ya tiketi na tarehe. Kipande cha kupandia ndege kama umekitunza, kiweke karibu, unaweza kuulizwa. Zilizopita miezi sita usizihangaikie tena.

Sasa kuna jambo linaloangusha watu wa huku kuliko yote: jina. Jina la kwenye akaunti lazima lilingane na la kwenye tiketi, na la tiketi lilingane na la pasi. Sisi mtu mmoja anaitwa Khamis kwenye pasi, Hamis kwenye cheti, na nyumbani Mwinyi. Nimeona mtu ana safari saba, zimekataliwa zote kwa sababu aliyemwandikisha alitumia jina la nyumbani. Fungua akaunti yako uangalie herufi moja moja kabla hujadai chochote. Ukikuta kosa, waandikie warekebishe kwanza, na watataka nakala ya pasi.

La pili ni kutawanya. Umepanda mashirika manne, kila moja na kapu lake. Lakini si manne kweli. Flydubai na Emirates tangu 2018 wanatumia kapu moja, Skywards. Safari yako ya kutoka Unguja na ile ya kuvukia Dar zote zinaingia hapo. Ethiopian na Turkish wote ni wa Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, kwa hiyo anayekwenda Guangzhou kupitia Addis leo na Istanbul kesho anaweza kuzikusanya zote kwenye ShebaMiles ya Ethiopian. Qatar wao wanatumia Avios, sarafu moja na British Airways. Kwa njia yako ya Deira, mie ningekwambia kapu lako ni Skywards, na hayo mengine yawe ya dharura.

Lakini usiongeze pesa kwa ajili ya maili. Hili nalisema kwa sababu nimeona wafanyabiashara wanaacha tiketi ya bei nzuri, wanalipa dola themanini zaidi wapate maili ambazo thamani yake haifiki hata robo ya hizo. Tiketi ya bei ya chini kabisa huwa inaingiza maili kidogo kuliko ile ya bei ya juu ya daraja lile lile. Tovuti ya Emirates ina kikokotoo, unaweka Dar na Dubai, kinakuonesha kila aina ya tiketi inaleta ngapi. Na wewe unabeba mzigo: kilo zinazoruhusiwa ni pesa ya leo, maili ni pesa ya mwakani. Angalia kilo kwanza. Tena tiketi za makundi, zile wakala anazonunua viti ishirini pamoja, aghlabu hazina maili. Uliza kabla hujalipa.

Maili za Skywards zina umri wa miaka mitatu, na huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Wengi wamepoteza kwa kungoja ziwe nyingi.

Shoga_wa_Viatu

Shoga, mie ndiye wa kwenye boti! Nimeona Mchangani na mabaibui nikajua ni wewe. Usiumie, na mie nilipoteza miaka minne kabla sijaambiwa.

Ninavyofanya ni hivi. Namba yangu nimeiandika kwa kalamu kwenye kibandiko, nikakibandika juu ya jalada la plastiki la pasi. Nikimpa wakala pasi, namba anaiona. Akinipa karatasi, sitoki dukani kwake mpaka niione namba yangu imechapwa. Kama haimo, namrudishia. Siku akisema mtandao umekata, naitaja kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, wanaiingiza pale pale.

Ile tiketi niliyokuonesha ilinichukua safari nyingi, usidhani ni mbili tatu. Na siku za msimu nilikosa kabisa. Nilitafuta kiti cha maili kabla ya Ramadhani, hakuna. Nikaja kukipata baada ya Idi, siku ya katikati ya wiki. Kodi na ada za uwanja nililipa mwenyewe, hazifutwi na maili. Kwa hiyo ukisikia bure, jua ni nauli tu, na si siku uitakayo wewe.

Jengine, unapolipa pale Naif kwa kadi yako ya benki ya kawaida, mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Tanzania. Chagua dirham kila mara. Ukichagua shilingi, mashine inajipangia bei yake ya kubadilisha pesa. Mie niliwahi kubonyeza shilingi kwa kuona ndiyo pesa yangu, nilipokuja kupiga hesabu usiku chumbani nikaona nimelipa mabaibui mawili ambayo sikuyabeba.

Mpemba_MK

Mie ni wa Mkoani, niko Milton Keynes mwaka wa kumi na mbili, na kadi za pointi ninazo. Nataka kumjibu Bi Mkubwa kuhusu maneno ya mtoto wa dada yake, kwa sababu kijana anasema kweli, ila kweli yake ni ya huku.

Pointi zinatoka wapi? Ukilipa dukani kwa kadi, mwenye duka anakatwa kiasi, na sehemu ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Benki inakurudishia wewe kipande, inakiita pointi. Marekani makato hayo ni makubwa, mara nyingi yanakaribia asilimia 2, ndiyo maana Wamarekani wanapata pointi nyingi mpaka wanaandikiana mitandaoni kama mchezo. Huku Uingereza na Ulaya, kwa kadi za kawaida za mtu binafsi, sheria ya 2015 iliweka ukomo: asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na 0.2 kwa kadi ya akaunti, ile inayokata pesa yako iliyomo. Kwa hiyo zetu ni chache, na zenye maana zinatoka kwa kampuni ya kadi ya American Express. Mtu anayetegemea kadi ya kawaida hapo Unguja asitarajie anayoyasoma kwa Wamarekani.

Pointi nyingi kwa mara moja hutoka kwenye zawadi ya kujiunga: tumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu, upewe fungu. Hapo ndipo penye mtego. Nimeona vijana wetu wananunua simu na makochi wasiyoyahitaji ili wafike hicho kiasi. Mie nilingoja mpaka ikafika bima ya gari na matairi ya msimu, matumizi ambayo yangekuwepo tu, ndipo nikaomba kadi.

Sasa hesabu. Tuseme nimetumia pauni 1,000 nikapata pointi 1,000. Nikizitumia vizuri, zina thamani ya kama pauni 10. Nikichelewa kulipa, na riba tuseme ni asilimia 24 kwa mwaka, mwezi mmoja ni pauni 20. Mwezi mmoja tu umekula pointi zote na ukachukua pauni 10 zaidi mfukoni mwangu. Mie lilinipata mwaka wa pili. Nilikuwa nalipa kwa mkono kila mwezi, mwezi mmoja nikawa zamu za usiku mfululizo, tarehe ikanipita kwa siku tatu. Niliona ile riba kwenye karatasi nikasikia kichefuchefu, kwa sababu nilikuwa nimemuahidi baba yangu kuwa sitogusa riba. Tangu siku ile nimeweka amri benki, deni lote linalipwa lenyewe kila mwezi kabla ya tarehe.

Bi Mkubwa, wewe huwezi kupata kadi ya huku, maana wanaangalia makazi na historia yako ya kulipa madeni hapa. Lakini mtoto wa dada yako anaweza kukusaidia bila wewe kuwa na kadi. Pointi za American Express zinahamishika kwenda Skywards, na zikishafika huko anaweza kumkatia bibi yake tiketi kwa jina la bibi. Si lazima msafiri awe ndiye mwenye maili. Asihamishe mpaka awe amekwishakiona kiti kiko wazi, kwa sababu zikihama hazirudi.

Na wenzangu mnaoleta watoto nyumbani kutoka Uingereza: kodi ya abiria ya serikali, ile ya kuondokea hapa, inabaki hata ukitumia pointi. Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida kuja Tanzania. Mtoto chini ya miaka 16 daraja hilo halipi. Kuna mawakala wanaitoza na kwa watoto, mtu asiyejua analipa. Nilirudishiwa ya wanangu watatu baada ya kuandika barua mbili.

Ustadh_Chake

Wa alaykumus salaam. Dada kauliza kuhusu riba, na suala lake halikujibiwa upande huo.

Asili iko wazi, Suratul Baqara aya ya 275: Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Kuhusu kadi, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni lenye makao yake Jidda, ilikaa Riyadh mwaka 2000 na kutoa azimio namba 108. Kwa kifupi, kadi ya mkopo isiyo na pesa ya mwenyewe nyuma yake, na ndani ya mkataba wake mna sharti la ziada kwa kuchelewa, haifai kutolewa wala kuchukuliwa, hata kama mchukuaji ameazimia kulipa ndani ya muda usio na ziada. Kadi ambayo haina sharti hilo inafaa, na ada ya huduma iliyo sawa na kazi iliyofanywa si riba. Wapo wanavyuoni wengine wa zama hizi walioruhusu kwa mwenye kuhitaji na mwenye uhakika wa kulipa kwa wakati, khasa wanaoishi nchi ambazo hakuna njia nyengine. Ndugu yetu wa Milton Keynes amuulize sheikh wake wa huko.

Lakini dada, wewe unahitaji nini na kadi ya mkopo? Safari zako unazilipa kwa pesa yako. Kadi ya akaunti yako mwenyewe, inayokata kilichomo, haina tatizo, na huduma zisizo na riba zipo hapa hapa, PBZ Ikhlas na CRDB Al Barakah. Maili anazokupa shirika la ndege kwa kupanda ndege yake ni zawadi ya muuzaji kwa mteja wake. Sioni ubaya wake.

BiMchangani, Unguja

Jazakumullahu khayran nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa na kazi niliyopewa na Mzee wa Malindi.

Nina bati la biskuti naweka karatasi zote za safari. Nililimwaga kitandani baada ya Isha, mie na binti yangu, tukapanga mafungu kwa tarakimu tatu kama ulivyosema. 176 zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Wino wa vile vipande vya kupandia ndege umefifia, vya 2017 vimekuwa vyeupe kabisa, binti yangu akawa anavielekeza kwenye taa ya simu ili asome. Zilizo ndani ya miezi sita ni safari mbili tu, moja Emirates na moja flydubai.

Kisha jina. Mzee wangu, Mungu akuweke. Binti aliniandikisha kwa jina analoniita baba yake, na pasi ina jina jengine. Nimewaandikia na nakala ya pasi, wamerekebisha baada ya siku tano. Ndipo tukadai zile safari mbili. Ya Emirates imeingia juzi. Nyengine bado inaonesha inashughulikiwa.

Nimekwenda kwa wakala wangu na kibandiko kwenye pasi, shoga. Aliniuliza mbona sikumwambia miaka yote. Nikamjibu hata yeye hakuniuliza, na sote wawili tukanyamaza. Sasa ameiandika kwenye faili langu.

Mtoto wa dada nimemwambia kadi sichukui, na nimemueleza sababu. Amesema zake anazo, na atatazama kiti cha bibi yake cha mwezi wa Rajabu, Dar mpaka Jidda kupitia Dubai, bila kuhamisha kitu mpaka akione. Mie nitakata yangu kwa pesa ili nimshike mkono njiani, maana mama peke yake Dubai hatoweza.

Leo asubuhi nilimpigia simu Wete nikamwambia atafute picha nne za pasi, uso uonekane wazi. Akaniuliza za nini. Nikamwambia nitakuja Jumamosi nimueleze uso kwa uso.

Ndugu wa Milton Keynes, nina swali moja: kama kijana akikipata kiti halafu mama akaumwa wiki ya safari, zile maili zinarudi kwake, au zimekwenda?

Mpemba_MK

Inategemea aina ya kiti cha maili alichochukua. Vipo vinavyorudisha maili kwa kukatwa ada, na vipo visivyorudisha. Mwambie asome masharti ya kufuta pale kwenye ukurasa wa mwisho, kabla hajabonyeza kulipa zile kodi. Akiona hayaeleweki, anipigie. Nitakutumia namba yangu kwenye ujumbe wa siri. Nisalimie Wete, na umwambie mama aniombee akifika.